Pansio Kongo: kijana anayekatwa mshahara leo, je, ataiona pesa yake uzeeni?

Mashariki mwa Kongo, ukitaja neno pansio mbele ya vijana, wengi hucheka. Wamewaona wazazi wao wakirudi mikono mitupu kutoka ofisini. Wamewaona walimu wenye mvi bado wameshika chaki. Wazee hao hubaki darasani kwa sababu kwenda retreti kwao ni kwenda njaa. Kwa hiyo kijana anayepata kandarasi yake ya kwanza Bukavu, Lubumbashi au Kisangani, akiona kwenye karatasi ya mshahara kwamba asilimia 5 imekatwa, huuliza: pesa hizi zinaenda wapi, na je, zitarudi?

Historia ya karibu miaka 70 inasaidia kulijibu swali hilo. Inaonyesha kwamba tangu mwaka 1956 Kongo haikuwahi kukosa sheria ya pensheni ya wafanyakazi. Kilichokosekana ni vitu vitatu: pesa yenye kushika thamani, mwajiri anayefikisha mchango, na karatasi ya kuthibitisha miaka ya kazi. Hapo ndipo haki ya wazee ilipopotelea, na hapo ndipo kijana wa leo anapaswa kuangalia.

Kabla ya pensheni: posho, nyumba na njia ya kurudi kijijini

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Miaka ya mwanzo wanaume walichukuliwa kutoka mbali, wakafanya kazi kwa muda wa kandarasi, kisha wakarudishwa kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mwendo. Ilianza kuwaacha wafanyakazi wakae na wake na watoto wao karibu na migodi. Ikawapa nyumba kambini, posho ya unga, hospitali na shule ya watoto.

Vitu hivyo vyote vilikuwa vya mtu mwenye nguvu. Aliyezeeka au kuchoka alirudi kijijini, na pensheni yake ilikuwa shamba, watoto na wajukuu. Serikali ya kikoloni iliona jambo hilo kuwa la kawaida: Mwafrika ana ukoo, ukoo utamlisha. Waajiriwa wa Kizungu walipata mfuko wao wa uzeeni kabla ya wafanyakazi Waafrika.

Vita ya pili ya dunia ilibadili hesabu. Kongo ilitakiwa kutoa shaba, bati na mpira kwa wingi, huku bei sokoni zikipanda kuliko mishahara. Desemba 1941 wafanyakazi wa Élisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, waligoma wakidai nyongeza, na askari wakawapiga risasi. Baada ya vita, sheria zilianza kuja moja baada ya nyingine: mwaka 1949 fidia ya ajali na magonjwa ya kazini, mwaka 1951 posho ya watoto, na tarehe 6 Juni 1956 pensheni ya wafanyakazi.

Mfuko mmoja, nchi tatu

Sheria ya 1956 iliunda mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Ulikuwa mfuko mmoja kwa watu ambao leo wako katika nchi tatu. Mfanyakazi wa shamba la chai la Kivu, wa reli Katanga na wa kiwanda Usumbura, mji unaoitwa leo Bujumbura, walikuwa ndani ya mpango uleule. Mfanyakazi alikatwa kidogo, mwajiri akaongeza chake, na jina likaandikwa.

Muda ulikuwa mfupi. Miaka minne baadaye Kongo ilikuwa inaelekea uhuru, na hapo lilifanyika jambo ambalo wazee wachache wanalijua. Tarehe 16 Juni 1960, wiki mbili tu kabla ya uhuru, Bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria ya kuweka mifuko ya hifadhi ya waajiriwa wa koloni, yaani ile iliyowahudumia hasa Wazungu, chini ya dhamana ya serikali ya Ubelgiji. Maana yake, hata kama Kongo ingetikisika, mzee wa Kibelgiji aliyefanya kazi Jadotville au Costermansville angepokea pesa yake Brussels. Mfuko wa wafanyakazi Wakongomani haukupewa dhamana hiyo. Uliachiwa nchi mpya.

Watu wawili walifanya kazi katika mji uleule, wakati mwingine katika kampuni ileile, na wote walikatwa mshahara kwa ajili ya uzee. Mmoja alipata dhamana ya hazina tajiri, mwingine akabaki na dhamana ya hazina ambayo siku chache baadaye ilikuwa katikati ya moto. Tofauti kati yao ilikuwa ni nani amesimama nyuma ya ahadi. Bidii ya kazi haikuhusika hapo.

Rwanda na Burundi zilianzisha mifuko yao wenyewe mwaka 1962, mwaka wa uhuru wao. Mwaka 1978 nchi hizo tatu, zikiwa pamoja katika jumuiya ya CEPGL, zilitia sahihi mapatano ya hifadhi ya jamii, ili mtu aliyefanya kazi pande mbili za mpaka asipoteze miaka yake. Kwa familia za Uvira, Bukavu na Goma, ambazo mpaka umepita katikati ya ukoo wao, wazo hilo lilikuwa la haki kabisa.

INSS yazaliwa katika nchi iliyogawanyika

Tarehe 29 Juni 1961 serikali ya Léopoldville ilitia sahihi sheria ya kuunda INSS, taasisi ya taifa ya hifadhi ya jamii. Iliunganisha kazi tatu chini ya dari moja: pensheni, ajali na magonjwa ya kazini, na posho ya familia.

Siku ile, Katanga ilikuwa imejitenga tangu Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe. Kasai Kusini ilikuwa na serikali yake. Stanleyville ilikuwa na serikali nyingine ya Antoine Gizenga. Katanga ndiyo iliyokuwa na waajiri wakubwa na wafanyakazi wengi wa mshahara. Taasisi ya taifa ilizaliwa ikiwa haina taifa zima mkononi.

Hata hivyo INSS ilisimama. Utengano wa Katanga uliisha Januari 1963, na kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda. Kampuni zililipa, namba za wafanyakazi ziliandikwa, wazee wa kwanza walipokea. Katika miji mikubwa majengo yenye jina la INSS yalionekana, na kwa mfanyakazi wa wakati ule jina hilo lilikuwa na uzito. Wazee waliofanya kazi miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970 hawakuwa wajinga walipoamini. Walichokiona mbele yao kilikuwa kinafanya kazi.

Pesa ilipoyeyuka

Pigo la kwanza lilitoka kwenye pesa yenyewe. Juni 1967 faranga ya zamani iliondolewa, ikaja zaire. Zaire moja ilichukua nafasi ya faranga 1,000 na ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Desemba 1979 serikali iliondoa ghafla noti za zaire 5 na 10, na watu waliokuwa wameweka akiba nyumbani wakaona makaratasi yao yakifa ndani ya siku chache. Mwishoni mwa 1992 ilitolewa noti ya zaire 5,000,000. Wafanyabiashara waliikataa, askari waliolipwa nayo wakakasirika, na Januari 1993 Kinshasa ikaporwa.

Oktoba 1993 ikaja zaire mpya: zaire 3,000,000 za zamani zikawa zaire mpya 1. Mwaka uliofuata kupanda kwa bei kulivuka asilimia 9,000. Kisha katikati ya 1998 ikaja faranga ya Kongo, na zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1.

Hesabu yake ni hii. Ukizidisha 3,000,000 kwa 100,000 unapata 300,000,000,000. Faranga moja ya mwaka 1998 ilichukua nafasi ya zaire miliari 300 za zamani. Tuseme mfanyakazi wa mwaka 1970 alikuwa na haki ya zaire 30 kwa mwezi, sawa na dola 60. Haki hiyo, kama isingeongezwa, ingekuwa mwaka 1998 sehemu ndogo ya faranga ambayo hakuna sarafu ya kuilipa. Nyongeza zilitolewa mara kwa mara, lakini bei zilikuwa zimekwisha kutangulia. Ndiyo maana kulikuwa na wazee ambao nauli ya kwenda kuchukua pensheni ilikula pensheni yenyewe, nao wakaacha kwenda.

Hapo hapakuwa na haja ya mwizi kuingia ofisini. Daftari lilibaki na namba zilezile, sheria ilibaki ileile, mchango ulikuwa umelipwa. Thamani ndiyo iliyoondoka. Anayesema kwamba INSS pekee ndiyo iliyokula pesa za wazee anasimulia nusu ya habari. Nusu nyingine ni serikali iliyochapa noti kulipa madeni yake.

Mwajiri alipotoweka

Pigo la pili lilitoka kwa waajiri. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazairwa. Mashamba mengi ya kahawa, chai na kwinini ya Kivu yalibadili mikono. Wengi waliopewa hawakuwa na ujuzi wala mtaji. Waliuza mali ya ghala, wakaacha mashine zife, na wafanyakazi wakabaki bila mshahara, sembuse mchango wa INSS. Mwaka 1976 serikali ilianza kurudisha sehemu ya mali, lakini miaka iliyokuwa imekatika haikurudi kirahisi kwenye daftari.

Septemba 1991 uporaji wa askari ulifunga viwanda na maduka mengi, na wa 1993 ukamalizia. Kampuni iliyofungwa usiku haina mkurugenzi wa kutoa cheti cha kazi asubuhi.

Katanga, kampuni iliyorithi Union Minière mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines ilikuwa baba na mama kwa maelfu ya familia. Miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000. Mishahara ilichelewa miezi mingi. Kuanzia 2003, kwa pesa za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Walipewa kiasi cha pesa mkononi, na wengi wao walilalamika kwa miaka kwamba hesabu ya mwisho haikulingana na miaka yao ya kazi. Waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kampuni, wakitibiwa hospitali ya kampuni na kusomesha watoto shule ya kampuni, waligundua kwamba uzee wao wote ulikuwa umefungwa kwenye mlango mmoja. Mlango ulipofungwa, kila kitu kilibaki ndani.

Kivu na Maniema zina habari yao. Sominki iliundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za zamani za bati na dhahabu, na watu wa Kamituga, Lugushwa, Namoya, Kalima na Punia waliishi nayo. Bei ya bati duniani ilianguka mwaka 1985. Mwaka 1997, katikati ya vita, kampuni ikafika mwisho wake. Wafanyakazi wake wa zamani na wajane wao walidai malipo yao ya mwisho kwa miaka mingi, wakipita kwa mawakili, kwa maofisi na kwa kamati zao wenyewe.

Kazi ya Leta na kifungu cha 15

Watumishi wa serikali walikuwa na njia nyingine. Kwao hapakuwa na mfuko. Pensheni yao ililipwa moja kwa moja kutoka bajeti ya taifa, kama mshahara. Sheria ya tarehe 17 Julai 1981 ilisema mtumishi aende retreti akifika miaka 55 au akimaliza miaka 30 ya kazi.

Lakini kumpeleka mtu retreti kulihitaji kumlipa malipo ya mwisho wa kazi, na hazina haikuwa na kitu. Serikali ikachagua njia rahisi: kumwacha kazini. Ndiyo sababu kwa miaka mingi ofisi za wilaya, shule na hospitali zilijaa wazee waliokwisha kupita umri. Kijana mwenye diploma aliambiwa hakuna nafasi. Mzee aliyekalia kiti na kijana aliyesimama mlangoni walitupiana lawama, ingawa wote wawili walikuwa wamekwama kwa sababu moja.

Mishahara nayo ilishuka hadi dola chache kwa mwezi. Watu wakafuata kile ambacho Wakongomani wote wanakiita kifungu cha 15: kila mtu ajitafutie. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wazazi walianza kuwalipa walimu kwa mchango wa kila mwezi. Bila pesa hiyo shule zingefungwa. Lakini pesa ya wazazi haina pensheni. Mwalimu alikula siku ile, uzee ukabaki bila jina.

Kisha ikaja vita. Kuanzia 1998 hadi 2003 Goma, Bukavu, Kindu na Kisangani zilikuwa chini ya RCD, na mshahara wa Kinshasa haukuvuka mstari wa vita. Muuguzi au karani aliyeendelea kuhudumia watu wakati wote huo alijikuta na miaka mitano yenye kazi nyingi na karatasi chache.

Sheria mpya, kati ya 2015 na 2022

Mtu asiyejua yaliyotendeka katika miaka hii atamwambia kijana kwamba hakuna kilichobadilika, na atakuwa amekosea. Desemba 2015 iliundwa CNSSAP, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa serikali. Kwa mara ya kwanza mtumishi anakatwa kidogo, serikali inaongeza sehemu yake, na pesa inaingia katika mfuko wa pembeni badala ya kusubiri huruma ya bajeti. Sheria ya Julai 2022 iliuimarisha mpango huo. Umri wa kustaafu kwa mtumishi ulipandishwa na sheria ya Julai 2016 hadi miaka 65, au miaka 35 ya kazi.

Kwa sekta ya binafsi, sheria nyingine ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadili kanuni, na mwaka 2018 INSS ikawa CNSS. Leo mchango wote ni asilimia 18 ya mshahara: mfanyakazi anatoa 5, mwajiri anatoa 13. Kwa mshahara wa faranga 500,000, mfanyakazi anakatwa 25,000 na mwajiri anapaswa kuongeza 65,000. Anayetaka pensheni ya kila mwezi anatakiwa kufikisha miaka 60 akiwa na michango ya miezi 180, yaani miaka 15 kwa jumla. Asiyefikisha miezi hiyo hupewa malipo ya mara moja tu.

Kongo ina faida moja ambayo nchi tajiri zinaitamani. Ulaya, vijana wana hofu ya pensheni kwa sababu wazee ni wengi na watoto ni wachache. Ubelgiji yenyewe ilipandisha umri wa kustaafu hadi miaka 66 mwaka 2025, na imepanga 67 mwaka 2030. Kongo ni kinyume: vijana ni wengi sana, wazee ni wachache. Kama vijana wangekuwa na kazi zenye mchango, mfuko ungekuwa na nguvu. Tatizo ni kwamba wengi wanauza sokoni, wanaendesha pikipiki, wanachimba, wanalima, na majina yao hayako kwenye daftari lolote.

Mahali kijana anapopotezea miezi yake

Hatari ya kwanza kwa kijana wa mashariki ni aina ya kandarasi. Mashirika ya misaada na kampuni ndogo huajiri kwa miezi mitatu au sita. Mwingine huitwa mshauri au kibarua wa siku hata kama anaingia kazini kila asubuhi mwaka mzima, na hapo mchango haulipwi. Kijana wa miaka 35 anaweza kuwa na miaka 10 ya kazi mikononi mwake na miezi 20 tu ya CNSS.

Hatari ya pili ni mwajiri anayekata na kubaki nayo. Karatasi ya mshahara inaonyesha asilimia 5, lakini pesa haikufika. Mfanyakazi akisubiri hadi miaka 60 ndipo aulize, mwajiri atakuwa amefunga au amehama. Akiuliza akiwa bado kazini, anaweza kwenda ofisi ya CNSS na namba yake na kutazama kama miezi yake imeingia. Wakati mwajiri bado yupo, wakaguzi wa kazi, sendika na CNSS yenyewe wana mtu wa kumdai.

Kwa walimu, hatari ina jina lake. Wako walimu wapya ambao hawana matrikule, na wako wenye matrikule ambao jina lao haliko kwenye orodha ya malipo. Tangu masomo ya msingi kuwa bure Septemba 2019, wazazi hawatakiwi tena kuwalipa, na malalamiko ya walimu wasiolipwa yamesikika karibu kila mwanzo wa mwaka wa shule. Mwezi ambao mshahara haukulipwa, hakuna mchango uliokatwa. Mwalimu wa aina hiyo anapoteza chakula cha leo na uzee wake kwa pamoja.

Hatari ya mwisho ni ile ya wazee: pesa. Faranga ilipoanza mwaka 1998, dola moja ilikuwa chini ya faranga 2. Mwaka 2024 dola moja ilivuka faranga 2,700. Anguko hili ni la polepole kuliko lile la zaire, lakini kwa mtu anayeweka akiba ya miaka 30, polepole inatosha. Sheria bora ya pensheni haiwezi kushinda noti inayoyeyuka.

Vita vya leo na miaka ya kazi

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, na katikati ya Februari Bukavu ikafuata. Benki zilifunga milango. Aliyelipwa kwa akaunti alilazimika kusafiri kwenda mji mwingine au kutegemea pesa za simu na kukatwa komisyo. Familia zilizokuwa zimekimbia Masisi na Rutshuru na kukaa katika kambi za Goma zilijikuta zikihama tena. Katika kila safari kuna mfuko wa karatasi unaobaki nyuma, unaolowa mvua au unaoungua na nyumba.

Kwa mzee na kwa mjane, mfuko huo ni mali. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika mambo ya pensheni methali hii ni kama sheria. Michango iliyokwisha kuingia haifutwi kwa sababu mtu amekimbia. Kinachopotea ni uwezo wa kuionyesha. Wafanyakazi wa kampuni zilizokufa walijifunza hilo kwa machozi. Aliyehifadhi cheti cha kazi na kadi ya INSS alipata pa kuanzia, na aliyekuwa na maneno tu aliambiwa arudi na ushahidi.

Karatasi zenye uzito ni chache. Namba ya CNSS, au matrikule kwa mtumishi wa serikali, inatosha kuandikwa kwenye kipande cha karatasi na kukaririwa kichwani. Kandarasi na karatasi za mshahara zinafaa kupigwa picha na kutumwa kwa ndugu aliye mji mwingine, ili simu ikipotea zisipotee zote. Kazi inapoisha, sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri atoe cheti kinachoonyesha aina ya kazi na muda wake. Ni haki ya kuomba siku ileile, hata kama ilikuwa kandarasi ya miezi mitatu.

Kwa wajane na yatima kuna karatasi mbili zaidi: cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ndoa ya kimila ambayo haikuandikishwa katika ofisi ya serikali imewafanya wanawake wengi washindane na ukoo wa marehemu juu ya nani ni mke. Mtoto asiye na cheti anaweza kupata hukumu ya mahakama inayochukua nafasi yake, lakini hiyo inataka muda, mashahidi na pesa. Kuandikisha wakati baba bado yu hai ni rahisi kuliko kuthibitisha baada ya mazishi.

Je, ategemee au asitegemee?

Wazee wa Gécamines na Sominki walitegemea kitu kimoja, nacho kilipoanguka wakaanguka nacho. Vijana wengi wa leo wanakwenda upande wa pili: wanaona asilimia 5 kama pesa iliyokwisha kuibwa, wanamwomba mwajiri asiwaandikishe ili wapate mshahara kamili mkononi. Mwajiri hufurahi, kwa sababu yeye ndiye anayeokoa asilimia 13. Kijana anayefanya hivyo hajaishinda serikali. Amemsamehe mwajiri deni lake, na kama ataumia kazini au kufa mapema, familia yake haitakuwa na mlango wa kubisha.

Akiwa na kazi yenye mchango, ni vema ahesabu miezi yake kama anavyohesabu mshahara, na kuulizia mapema. Pembeni yake abaki na vile ambavyo watu wa Kivu na Katanga wamevijenga wenyewe wakati Leta haikuwepo: likelemba ya wenzake, MUSO au AVEC ya mtaa, kipande cha shamba, mifugo, ufundi wa mkono. Pensheni peke yake haijawahi kumbeba mzee wa Kongo tangu miaka ya 1980. Na wazee waliopata chochote, hata kidogo, ni wale ambao majina yao yalikuwa kwenye daftari na karatasi zao ziliokoka safari.

Kijana aliyeanza kazi mwaka 2025 akiwa na miaka 25 atafikisha 60 mwaka 2060. Kati ya leo na siku hiyo kuna serikali nyingi, pengine noti nyingine mpya. Hawezi kuamua hayo yote. Anachoweza kufanya mwezi huu ni kwenda ofisini na kuuliza kama mchango wa mwezi uliopita umeingia.